Karatasi Namba Sita

Jumatatu, 4 Machi

Kwa Mwalimu wa Udereva,

Shikamoo.

Hunijui. Sanduku lako la posta nimelikuta kwenye kadi ya gari, pale palipoandikwa mmiliki wa zamani. Gari lenyewe ni lile la kijivu ulilomuuzia shangazi yangu miaka miwili iliyopita. Alama mbili za gundi bado ziko juu ya paa, pale kilipokuwa kibao chako cha kuonya watu kwamba anayeendesha ni mwanafunzi. Shangazi ni fundi wa kujalidi vitabu. Mimi nimemaliza shule mwaka jana na ninajifunza kazi kwake.

Naandika kwa sababu buti lina maji. Nikisema maji sisemi unyevu. Nasema maji ya kuchota kwa kikombe.

Wiki iliyopita tulikwenda kwenye shule moja kongwe inayotaka rejista zake za zamani zijalidiwe upya. Ziko kumi na tatu. Mwalimu mkuu alitupa moja kwanza, aone kazi yetu. Niliiweka mwenyewe ndani ya buti, nikafunga. Mvua ikatukuta njiani. Tulipofika karakanani rejista ilikuwa imelala ndani ya dimbwi. Majina ya watoto arobaini na mmoja, yaliyoandikwa kwa kalamu ya kuchovya kabla shangazi hajazaliwa, yamegeuka mawingu ya bluu.

Shangazi alisema sikufunga buti vizuri. Alilisema karakanani, akalirudia mbele ya mwalimu mkuu. Mimi nilifunga. Nilisikia mlio wa kitasa. Lakini shangazi akikasirika huongea haraka, na maneno yangu hupanga foleni. Yakifika mlangoni, yeye ameshaondoka. Kwa hiyo sikusema kitu, na asiyesema kitu watu huchukua kwamba amekubali.

Mwalimu mkuu amesema zile kumi na mbili zilizobaki hazipandi gari hili mpaka aone kwa macho yake kwamba buti ni kavu. Mwisho ni Ijumaa tarehe 12 Aprili, siku shule inapofungwa. Ikipita hapo, anazipeleka kwa fundi mwingine. Kazi hiyo ikiondoka, hapa hakuna kazi ya watu wawili. Itabidi niende kwa mjomba nikasimame kwenye kaunta ya duka lake, nikiwaambia watu "karibu, karibu" kutwa nzima. Mjomba ni mtu mwema sana. Lakini afadhali nishone vitabu elfu moja.

Nakuomba uniambie: gari liliwahi kuvuja wakati wako? Kama ndiyo, wapi? Maji hukusanyika upande wa kulia, kwenye shimo la tairi la akiba.

Samahani kwa usumbufu.

Ni mimi,
Msichana wa karakana ya vitabu


Jumatatu, 11 Machi

Binti,

Marahaba.

Gari langu halikuwahi kuvuja. Nimefundishia watu kwenye gari hilo miaka kumi na saba. Nililiosha kila Jumamosi kwa mikono yangu, na ndani ya buti nilikuwa naweka koti langu zuri, na koti hilo halikuwahi kulowa hata ukosi. Kama gari linavuja leo, limejifunzia kwenu. Magari ni kama watoto, huchukua tabia ya nyumba.

Hata hivyo umeandika kwa adabu, na mimi tangu nihamie kwa mwanangu kazi yangu ni kuhesabu magari yanayopita dirishani na kuona makosa yao. Basi nitakuelekeza.

Maji yako kulia, anza kulia. Tazama ule mpira wa kuzibia unaozunguka mdomo wa buti. Chukua kipande cha karatasi, kiweke juu ya mpira, funga buti, kisha kivute. Kikigoma, mpira ni mzima. Kikitoka kama barua kwenye bahasha, mpira umechoka. Fanya hivyo pande zote, usiruke. Baada ya hapo kagua ukingo wa kioo cha nyuma.

Taa za nyuma usiziguse. Ni kazi kuzirudisha, na zilikuwa nzima.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi. Piga, tutamaliza mambo kwa dakika tano.

Na jambo moja. Kufunga buti ni kusukuma kwa viganja viwili, kisha kujaribu kuinua. Wewe ulijaribu kuinua?

Mwalimu wa Udereva, mstaafu


Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu,

Shikamoo.

Nilijaribu kuinua.

Yule mtu aliyepiga simu Alhamisi saa kumi, ukasema "Haloo! Haloo! Nani wewe? Sema!" na yeye akakaa kimya mpaka ukakata, ni mimi. Samahani sana. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kwenye karatasi na karatasi nilikuwa nimeishika. Nikiandika sipotei. Kama hutajali, naomba niendelee kuandika.

Mpira nimeupima kwa karatasi kama ulivyosema, mara ishirini na nne, kila baada ya shibiri moja. Juu kulia karatasi ilitoka bila kugoma. Tulipata mpira mwingine kwa wauza vipuri chakavu, nikaufunga Ijumaa. Jumamosi mvua ikanyesha. Jumamosi hiyo hiyo kulikuwa na maji vikombe vitatu.

Ndipo nikaona ufa mwembamba chini ya kioo cha nyuma, nami nikafanya kosa ambalo naona aibu kuliandika, lakini nitaliandika. Niliuziba kwa gundi yetu ya karakanani. Ni gundi nzuri, imeshika vitabu miaka na miaka. Ila tunaipika kwa unga. Mvua ya pili iliila yote, na asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani hadi kwenye buti, kila mmoja na fungu lake. Shangazi alikuja akasimama pembeni yangu, akatazama, akasema, "Gari umelipikia uji. Haya, limeamkaje?" Ndiyo mara ya kwanza kunitania tangu siku ile. Sikujua nicheke au nilie, nikafuta sisimizi.

Sasa nina njia yangu. Hapa tunao wino ule ule wa kuchovya, ambao ukiguswa na tone moja tu unachuruzika. Nimekata karatasi kumi, nikaandika namba kubwa kuanzia moja hadi kumi, nitazibandika ndani ya buti pande zote. Maji yakiingia, namba itakayolia itatuambia.

Jioni nikimaliza kazi nasoma ile rejista iliyolowa. Wino umekwenda, lakini kalamu ya kuchovya huacha mkwaruzo kwenye karatasi. Ukiweka tochi pembeni kabisa, mwanga ukalala juu ya ukurasa, mkwaruzo unatupa kivuli na jina linarudi. Nimepata kumi na tisa.

Msichana wa karakana ya vitabu


Ijumaa, 22 Machi

Binti,

Kumbe ni wewe! Nilimwambia mwanangu ni matapeli wa zile zawadi za uongo wanaopima kama nipo. Andika tu. Mimi nami kwenye simu nafoka; ni mazoea ya kusema "breki!" kwa miaka yote hiyo.

Habari ya uji nimeisoma mara mbili. Nilicheka mpaka mkwe wangu akaja kuchungulia kama nina homa. Usione aibu. Kila fundi huanza kwa kutumia dawa aliyonayo nyumbani.

Wazo la namba ni zuri. Lakini usingoje mvua, mvua haina mpangilio. Mtu mmoja aingie ndani ya buti na tochi, afungiwe. Mwingine amwage maji kwa kopo la bustani, taratibu, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa dakika tano. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua ni yapi yaliyoingia. Na pigianeni ishara: kugonga mara moja ni "endelea", mara mbili ni "simama", mara tatu ni "nifungulie".

Karatasi zako ziweke kulia zote. Upande wa kushoto usipoteze wino bure.

Hayo majina unayoyatafuta, nani amekutuma?

Mwalimu


Jumatano, 27 Machi

Mwalimu,

Shikamoo.

Majina hajanituma mtu. Nimefika thelathini na moja.

Jumapili tulifanya kama ulivyoelekeza. Mimi niliingia ndani, shangazi akafunga na kushika kopo. Ndani ya buti kuna giza zito na harufu ya mpira na ya zulia lililovunda. Magoti yangu yalikuwa masikioni. Shangazi akaanza kumwaga.

"Umeona kitu?"

Nikagonga mara moja.

"Nimekuuliza umeona kitu?"

Nikagonga tena mara moja.

"Sema basi, mtoto wewe! Hata ndani ya buti unaona haya?"

Kinyozi wa jirani alitoka nje akauliza, "Fundi, leo unamwosha mtu humo ndani?" Shangazi akamjibu, "Namtotesha. Akitoka mjanja nakuleta na wewe ulowekwe." Nilicheka peke yangu gizani, na nikicheka tochi ilitikisika, ndipo mwanga ukapita kwenye karatasi za kushoto.

Uliniambia niziweke kulia zote. Samahani, sikukutii. Nilishazikata kumi na nilishaziandika, na nilihisi vibaya kuacha upande mmoja bila ulinzi. Kushoto nilikuwa nimebandika mbili, namba sita na namba saba. Namba sita ilikuwa inalia. Mkia wake ulikuwa umeshuka mpaka ukingoni mwa karatasi.

Nikagonga mara mbili, kisha mara tatu, kisha nikaita "Shangazi!" kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Kinyozi anasema aliisikia akiwa ndani na mashine yake inanguruma.

Namba sita iko chini ya taa ya nyuma ya kushoto. Maji yanaingilia hapo, yanapita nyuma ya ubao wa pembeni, na kwa kuwa uwanja wetu umeinama kidogo, yanavuka chini ya zulia na kukusanyika kulia. Kwa hiyo wiki tatu nimelinda mahali maji yanapolala, siyo mahali yanapoingilia.

Juzi nilifungua ubao ule kwa bisibisi. Bati la nyuma yake limekunjamana, na limesiribwa puti nene, ule udongo wa mafundi wa bodi, mpaka unakatika vipande. Rangi ya kijivu ya pale si kijivu cha gari zima. Mpira wa taa umekatika. Na kwenye pengo la mpira kulikuwa kumeshindiliwa kitambaa cha njano, kigumu kwa ukungu. Nilikikunjua. Pembeni kimeshonwa kwa uzi mwekundu neno VIOO.

Mwalimu, ni kitambaa chako cha kufutia vioo?

Siandiki kwa hasira. Nataka tu kujua, maana uliniambia nisiguse taa, kisha ukaniambia nisipoteze wino kushoto, na mimi nilikuwa nakuamini. Shangazi bado sijamwonyesha kitambaa. Nimekiweka chini ya rundo la majalada.

Msichana wa karakana ya vitabu


Ijumaa, 29 Machi

Mama Mwalimu,

Salamu. Mimi ndiye niliyenunua gari lako.

Kitambaa nimekiona. Katika karakana ya vitabu hakuna kinachofichika chini ya majalada, maana majalada ndiyo tunayofanyia kazi. Barua zako pia nimezisoma. Mtoto amenisihi nisikuandikie. Anasema pengine una sababu. Mimi nina umri wa kutosha kujua kwamba kila mtu ana sababu.

Siku tulipouziana gari nilikuuliza kama gari limewahi kugongwa, ukaniambia, "Gari la mwalimu litagongwaje?" Tukacheka wote wawili. Nakumbuka vizuri.

Yaliyopita tuyaweke kando kidogo. Fundi bodi amekuja ameangalia. Anasema hawezi kukata puti ile na kuchomelea bila kujua pigo lilikuwa kubwa kiasi gani na chini yake kumefunikwa nini. Wa kumwambia ni wewe tu. Siku kumi na nne zimebaki.

Na jambo la mwisho. Mtoto wa kaka yangu nilimlaumu mbele ya watu. Alinyamaza, nami nikachukulia ukimya wake kuwa ni jibu. Sasa nataka kujua nilipaswa kumlaumu nani.

Fundi wa vitabu


Jumatano, 3 Aprili

Kwa Fundi na kwa Binti, msome pamoja,

Posta ni polepole, barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Nimeiandika mara nne. Hii ni ya nne.

Kitambaa ni changu. Neno nililishona mwenyewe.

Miaka saba iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana, mtoto wa muuza viatu. Alikuwa anaogopa kurudi nyuma. Nikamwambia apishe, akae kiti cha pembeni, nimwonyeshe. Nikaweka gia ya nyuma huku nikimwelezea: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, kisha geuza shingo. Nilikuwa namtazama yeye nione kama anaelewa. Vioo sikuvitazama. Tukaingia kwenye nguzo ya chuma ya lango la chuo chetu, kona ya kushoto.

Tulishuka wote wawili kuangalia. Mwenye chuo akatoka mbio akauliza, "Nani alikuwa anaendesha?"

Nikasema, "Mwanafunzi."

Msichana yule alinitazama. Alingoja. Alidhani nitajisahihisha. Kisha akatazama chini, na kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Mimi nikaendelea kuwafundisha watu vioo kwa miaka mingine mitano.

Binti, nitakuandikia jambo ambalo sijawahi kuliandika. Sikusema "mwanafunzi" kwa kubahatisha. Nilijua huyu hatasema kitu. Alikuwa mkimya kama wewe.

Sasa ya fundi bodi. Mshono ulio chini ya taa ulichanika urefu wa kiganja. Fundi wangu aliuchomelea sehemu mbili tu, kwingine akaziba kwa puti, akaniambia nirudi baada ya wiki amalizie na abadilishe mpira wa taa. Sikurudi. Kurudi ni kuulizwa. Nikawa nashindilia kitambaa pale na kukibadilisha kila Jumamosi. Ndiyo maana koti langu halikulowa. Siku nilipouza gari, kitambaa hicho kilikuwa kimo ndani. Sikukisahau. Chini ya puti hakuna kingine ila huo mchaniko. Tanki la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, mbali kidogo na kona hiyo, lakini alitoe kabla hajawasha moto, na avue nyaya za taa na zulia.

Fundi, umeuliza wa kumlaumu ni nani. Ni mimi. Mtoto alifunga buti. Kama barua hii itasaidia kwa mwalimu mkuu, mwonyesheni; jina langu liko kwenye kadi.

Barua nyingine nimeiandika leo, kwa binti wa muuza viatu. Iko mezani. Imefungwa, ina stempu, na bado iko mezani.

Mwalimu


Jumatatu, 8 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo. Barua hii nami naituma kwa basi.

Tuliisoma pamoja kama ulivyotaka. Shangazi alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "Mwanafunzi" alisimama, akaenda dirishani, akarudi akamalizia. Jioni alipofunga karakana alinipa mfupa wake wa kukunjia karatasi, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa, akasema, "Ule wako ni mwepesi. Tumia huu." Nimelala nao chini ya mto.

Mimi nilikukasirikia siku moja nzima. Nilishona kitabu kizima kwa hasira, na shangazi ameniambia nikifumue kwa sababu uzi umekaza mno.

Fundi bodi alikuja Jumamosi. Alitoa tanki kama ulivyosema, akabandua puti akaiweka kwenye karai, akasema, "Mama huyu hakuziba tundu, alijenga ukuta." Amechomelea mshono wote. Mpira mpya wa taa nimeukata mwenyewe kwa kisu cha majalada, kwa kufuatisha ule wa zamani, na safari hii nimeziba kwa gundi ya mafundi wa magari, isiyoliwa na mtu yeyote.

Jana nikaingia ndani ya buti tena. Namba sita ikalia. Kidogo tu, nukta moja, lakini ililia. Nilitaka kupasua karatasi. Kisha nikakumbuka: chini kwenda juu, sehemu moja kwa wakati. Tulirudia kwa saa mbili, shangazi akabadilisha mkono wa kumwagia mara nyingi. Maji yalipitia kwenye nati moja ya kushikilia taa, ambayo haikuwa na kipande cha mpira chini yake. Nimekikata na kukiweka. Gundi inakauka. Hatutaijaribu kwa kopo tena. Zimebaki siku nne, na mawingu yapo.

Majina ni thelathini na nane. Matatu yamegoma.

Mwalimu, ile barua iliyo mezani itume. Mtu akinyamaza haina maana amesahau. Mimi nakumbuka mlio wa kitasa cha buti mpaka leo, na huo ni mwezi mmoja tu. Yeye ni miaka saba.

Msichana wa karakana ya vitabu


Jumatano, 10 Aprili

Binti,

Nimeituma. Nilisimama mbele ya sanduku la posta mpaka mtu wa nyuma yangu akaniuliza, "Bibi, unaingiza au unatoa?" Nikaingiza.

Hatanijibu, na ni haki yake.

Nawe Ijumaa hiyo: viganja viwili, kisha jaribu kuinua.

Mwalimu


Jumamosi, 13 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo.

Jana asubuhi mvua ilikuwa inapiga mpaka huoni upande wa pili wa barabara. Shangazi alisema, "Tungoje ipungue," na mimi nikasema, "Hapana, twende nayo." Alinitazama kama mtu aliyesikia kabati linaongea. Tukaenda.

Mwalimu mkuu alitoka na mwavuli akasimama nyuma ya gari. Ni mama mrefu, na mikono huifunga kifuani. Shangazi akaanza, "Mwalimu mkuu, siku ile nilikuambia kwamba mtoto huyu—" kisha akanigeukia. "Sema wewe. Kazi ni yako."

Foleni yangu ya maneno ilikuwa ndefu. Nilishika ule mfupa ndani ya mfuko. Nikasema, "Siku ile nilifunga buti. Nilisikia mlio, na nilijaribu kuinua. Maji yaliingilia chini ya taa ya kushoto, kwenye mshono uliokuwa umechanika zamani. Tumeuchomelea. Naomba ufungue wewe mwenyewe."

Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wa shangazi. Haikutoka.

Mwalimu mkuu alifungua. Alipitisha kiganja kwenye zulia, akainua tairi la akiba akapitisha na huko chini, akaingiza vidole nyuma ya taa mpaka pete yake ikakwaruza bati. Alitoa mkono akautazama pande zote mbili. Kisha akauliza, "Na rejista yangu ile?"

Tuliingia ofisini. Nilimwambia yaliyorudi ni thelathini na nane, na nikaanza kuyasoma kwa sauti, jina kwa jina, maana ndivyo alivyotaka. Nilipofika kwenye pengo la kwanza nilisimama. Yeye akafumba macho, akasema majina mawili ya kabla na mawili ya baada, kama mtu anayepita kwenye mstari wa madawati, na akalitaja lililokosekana. Kumbe yeye ni mjukuu wa mmoja wa watoto wale, aliyekuwa akimtajia darasa lake lote. La pili pia alilipata. La tatu hakuna anayelijua. Tumeacha mstari mtupu, na chini yake nimeandika tarehe ya jana, ili atakayekuja ajue kwamba mtoto huyo tulimtafuta.

Rejista zote kumi na mbili tulizipakia sisi watatu. Nilifunga kwa viganja viwili. Nilipotaka kuinua, nikakuta mwalimu mkuu ameshaweka mkono wake. Tukainua pamoja, halikuinuka.

Mvua haikukata njia nzima. Shangazi aliendesha kwa mwendo wa kobe. Tulipoingia uwanjani hakushuka, alisema, "Nenda ukaangalie, mimi nangoja hapa." Nilifungua. Nilizitoa moja moja, nikizigusa chini. Ya mwisho nilipoigusa nilikaa juu ya bampa, mvua ikininyeshea, nikashindwa kumwambia. Kinyozi ndiye aliyepiga kelele kutoka mlangoni kwake: "Fundi! Anacheka! Nadhani ni pakavu!"

Jumatatu tunaanza kufumua ya kwanza. Mjomba ameshapata mtu mwingine wa kaunta.

Kitambaa chako nimekifua mara tatu, ukungu umetoka. Shangazi amekitia kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Anasema vioo vina vumbi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Ishike bila wasiwasi. Ni namba sita. Niliiandika na kuibandika upya juzi usiku, chini ya taa ya kushoto, na imekaa pale safari nzima, kwenda na kurudi. Itazame karibu na dirisha. Mkia wake uko pale pale nilipouachia.

Mwanafunzi wako